Duka Lililosafiri kwa Treni

Mji wetu huu, ambao hadi juzi ulitosheka na soko moja na bucha nne, umefunguliwa duka la vyakula vya ajabu. Duka mama liko Nairobi. Hapa ni tawi tu, na nasikia matawi mengine yanakuja miji mingine ya ukubwa wetu. Binti yangu alinipeleka wiki ya kwanza. Kulikuwa na jibini za aina kumi na tisa. Nilihesabu tena, zikawa kumi na nane. Moja ilikuwa siagi. Kisha nikafika kwenye rafu ya zeituni, nikapitisha mkono juu ya safu ya mbele, nikapapasa nyuma mpaka kiwiko kikazama.

"Mama, unatafuta nini?" mhudumu akauliza.

"Natafuta nyuma."

Nyuma ilikuwapo. Safu ya pili, ya tatu, ya nne, hadi ukutani. Nikamwambia binti yangu, hawa watadumu. Akataka kujua ni wapi nilikofundishwa kupima duka kwa kiwiko. Nikamjibu, Kampala, na kwa kuwa hakuniuliza zaidi, namwandikia hapa.

Tulikuwa Wakenya wa Namuwongo, mimi na baba yake. Yeye alikuwa gadi wa treni ya mizigo, na nyumba yetu ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita sahani zilihama mezani. Mimi niliuza vitunguu soko la Nakivubo. Serikali ilikuwa ya wanajeshi, na Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, maduka yao yamegawiwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuza hata kuku. Sukari ilikuja kama jamaa wa mbali: mara chache, na bila kutoa taarifa. Vitunguu, Mungu ashukuriwe, havikuhitaji kibali cha mtu kuota.

Siku moja alisimama mbele yangu mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, rozari shingoni. Akauliza bei ya fungu. Nikataja bei maradufu, kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye adabu, ili tuwe na mahali pa kuanzia. Akatoa pesa, akanipa.

Nilibaki na vitunguu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mama," nikasema, "hujaniambia ni ghali."

"Ni ghali?"

"Ni ghali sana!"

"Sasa kama weye unajua ni ghali, kwa nini umesema hivyo?"

"Ili wewe uniambie ni ghali."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia langu. Alitoka mbali, kaskazini-magharibi, karibu na mpaka. Yeye Mkatoliki, mumewe sajini wa jeshi na Mwislamu; nyumbani kwao Ijumaa ilikuwa takatifu na Jumapili pia, kwa hiyo, alisema, zilibaki siku tano tu za kugombana. Alipomaliza kucheka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Dada, mimi iko na duka," akasema. "Watu wanakuja, wananiambia bei yenye wanataka, mimi nakubali. Hii ni vizuri?"

Nikafunga vitunguu vyangu nikamfuata.

Duka lilikuwa mwendo mfupi kupanda kutoka Nakivubo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mgoa, aliyewauzia Wazungu na mahoteli vitu ambavyo sisi wengine tulivipita kama tunavyopita makaburi ya watu wasiotuhusu. Alikuwa amefungua tawi Jinja, na la Mbale lilikuwa limepakwa rangi tu, hata kufunguliwa bado, siku alipoambiwa aondoke. Aproni yake ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama Sajini, hivyo ndivyo nilivyomwita, hakuwahi kuivaa, wala hakuitoa. Kila Jumamosi aliikung'uta vumbi akairudisha.

"Ni ya mwenyewe," alisema. "Siku moja anaweza kuuliza."

Tulipatana. Nilimwomba mara tatu ya nilichotaka, akakubali palepale, ikabidi mimi mwenyewe nijipunguzie mshahara mpaka ukafika mahali pa haki. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Kisha nikahesabu mali. Mara ya kwanza, makopo na chupa mia tatu na kumi na mbili. Mara ya pili mia tatu na kumi na moja, kwa sababu katikati ya hesabu Mama Sajini alifungua kopo moja aonje. Kulikuwa na samaki wadogo wenye chumvi ya kuua, uyoga uliolala kwenye maji yake, matango madogo kama kidole gumba ndani ya siki, na mapipa mawili ya zeituni. Hakuna aliyejua zeituni zinaliwa na nini, mpaka bibi mmoja Muganda, aliyeuza mpafu kwenye ngazi za duka letu, alipopewa moja. Mpafu ni tunda jeusi, Waganda hulilowesha kwenye maji moto likalainika, na kwa umbo ni zeituni tupu. Bibi akatafuna, akafumba jicho moja.

"Banange! Hii mpafu imekufa baharini!"

Hata hivyo alirudi na kikombe. Si kwa zeituni. Kwa maji yake. Chumvi ilikuwa imepotea mjini, na maji ya pipa lile yalikuwa chumvi tupu. Kabla ya wiki kwisha, wanawake wa Namuwongo walipanga foleni kwetu na vikombe vya bati, wakanunua maji ya zeituni ya kuungia mboga. Mimi nilipima kikombe kikajaa sawasawa hadi ukingoni. Mama Sajini alipima, akaongeza tone, akaongeza jingine.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Nyongeza."

"Nyongeza ni moja. Umetoa mbili."

"Ya pili ni ya watoto."

Ndivyo alivyokuwa. Duka lile lilimlisha, lakini alilipenda kwa sababu nyingine niliyoigundua polepole. Hakuwa amesoma. Alipokuja Kampala hakujua herufi hata moja, na alijifunza kutoka kwenye makopo. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kyambogo, mteja wetu wa uyoga, alimwonyesha chache za kwanza, kisha yeye mwenyewe akaendelea, kopo kwa kopo, akisogeza midomo. Nilimkuta asubuhi amekaa juu ya kreti, anasoma kopo la samaki kama padri anavyosoma misa.

Basi ikaja amri. Ilisemwa redioni kwanza, kisha ikaletwa kwa karatasi: mtu yeyote aliyegawiwa duka, na duka likikutwa tupu au limefungwa, atanyang'anywa, na litapewa mwenye bidii. Afisa atapita kukagua. Na hapo ndipo nilipoomba kuona karatasi ya mgao, nikaisoma mara mbili. Iliandikwa duka pamoja na matawi yake mawili. Yote kwa pamoja, kitu kimoja: moja likikutwa tupu, yote yamekwenda.

"Jinja kuna nini?" nikamuuliza.

"Rafu."

"Na Mbale?"

"Rafu na kufuli."

Vya Jinja vilikuwa vimebebwa na wajanja siku ileile Mgoa alipoondoka. Mbale hakukuwahi kuwa na kitu. Sajini alikuwa amepelekwa mpakani, na kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia mkewe jambo moja bila kupepesa: duka likienda, yeye na watoto warudi kijijini kwa mama yake, maana mshahara wa jeshi hautalisha nyumba mbili.

"Kijiji ni chetu, sikikatai," Mama Sajini aliniambia. Alikuwa ameshika kopo, analigeuza. "Lakini dada, huko nitasoma nini? Majani?"

Hayakuwa mambo ya mchezo. Wakati ule mtu aliyesemwa kuwa anahujumu uchumi alipelekwa mbele ya wanajeshi, na jirani zake walijifunza haraka kutolitaja jina lake. Nililala nalo siku mbili. Siku ya tatu nilisoma ratiba ya afisa, iliyokuja na ile karatasi ya amri: Jumatatu Kampala, Alhamisi Jinja, Jumatatu ya pili Mbale. Nikaisoma tena. Kisha nikamwangalia mume wangu, aliyekuwa anakula ugali wake kwa amani.

"Treni ya mizigo inafika lini Jinja?"

"Kwa nini?"

"Na Mbale?"

Aliweka tonge chini. Mume wangu alikuwa mtu wa kanuni. Hata kuku wa jirani akipita reli alitaka kujua ana tiketi. "Mimi nabeba mzigo wenye karatasi," akasema.

"Utakuwa na karatasi. Vyakula vya makopo, kutoka duka kwenda tawi lake. Uongo uko wapi?"

Akafikiri. Uongo hakuuona. Akataka makopo mawili ya samaki kwa usumbufu. Nikampa moja, na hilo tulilila wote.

Mpango ulikuwa huu: duka moja litembee mbele ya afisa kama kivuli asubuhi. Na kwa kuwa vitu mia mbili na kitu vilivyobaki visingejaza rafu zile ndefu, tulivipanga safu moja tu, ya mbele, bega kwa bega. Nyuma kabisa, ukutani, tuliegemeza makreti matupu ili rafu zisionyeshe ukuta. Ukisimama mlangoni, utajiri. Ukiingiza mkono, upepo.

Jumatatu afisa akaja. Kapteni, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vinang'aa, askari wawili nyuma yake. Sikuogopa askari, niliogopa mikono ya kapteni. Lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye yale matango madogo ya siki. Kumbe alisomea ujeshi Ulaya, na huko walimlisha vitu hivyo mpaka akavizoea.

"Aii!" akasema, sauti ikageuka ya mtoto. "Hizi mnazo?"

"Tunazo chupa kumi na mbili, afande," nikajibu.

Kifuniko kilikataa kufunguka. Akatoa kisu, akatoboa katikati ya kifuniko, kikatoa pumzi, fyuu, kikafunguka. Akala palepale kwa vidole, macho juu ya dari. Akaandika kwenye daftari lake, akarudisha kifuniko, akaondoka bila kugusa rafu nyingine. Mama Sajini alibaki amesimama, anaiangalia ile chupa.

"Ameanza, hajamaliza," akasema.

"Mshukuru Mungu hajamaliza! Funga, tupakie."

Tuliandika kwenye mlango kwa chaki: Tumefunga, tunahesabu mali. Katika uongo wote wa wiki ile, huo pekee ulikuwa kweli. Nilihesabu tukipakia, nikahesabu tukipakua Jinja, na kila safari vitu vilitimia, chupa zote kumi na mbili za matango zikiwamo. Ile iliyotobolewa niliificha mwisho kabisa, nyuma ya uyoga. Jinja mvua ilinyesha na kapteni alikuwa na njaa ya chakula cha moto. Akachungulia kutoka kwenye gari, akahesabu rafu kwa macho, akaenda zake.

Mbale tulifika mchana na mabehewa ya pamba. Duka lilinukia rangi ya Mgoa, bado mpya chini ya vumbi, ukuta wa kijani ambao hakuwahi kupata nafasi ya kuuegemea. Mama Sajini alisimama kidogo katikati yake kabla ya kushika ufagio. Mimi nikaenda sokoni kutafuta maji na kitu cha kula, nikamwachia apange rafu. Alikuwa amejifunza: makopo yanatazama mbele, herufi juu. Niliporudi nilihesabu chupa zote. Mara mbili. Zilitimia. Nikaridhika, na hapo ndipo ujinga wangu ulipo, kwa maana nilihesabu zilikuwa ngapi, sikuangalia ipi imekaa wapi.

Asubuhi kapteni akaingia. Safari hii alikuwa ameshiba, ana muda. Akapita polepole rafu ya kwanza, ya pili, kisha akasimama. Katikati ya rafu ya mbele kabisa, imewekewa kitambaa safi chini, imefutwa ikang'aa, ilisimama chupa ya matango yenye tundu kwenye kifuniko.

Akaishika. Akaweka ncha ya kidole kwenye tundu.

"Hii chupa," akasema taratibu, "mimi nilitoboa. Kampala."

Askari mmoja mlangoni akabadilisha mguu. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, ninauweka akiba kama mtu anavyoweka viberiti, lakini kila niliougusa ulikuwa umelowa. Kabla sijafungua mdomo, Mama Sajini akajibu, tena kwa sauti ya mtu anayekaribisha.

"Ndiyo, afande. Ni yako."

"Yangu?"

"Weye ulianza kula. Kwetu, chungu chenye mgeni ameanza, mtu mwingine haguswi... hagusi. Hata kama mgeni ametoka, kinakaa mpaka arudi. Nikasikia unakuja Mbale. Mimi nikakubebea."

Nikamwangalia. Hakuwa anatafuta njia ya kutokea. Alikuwa anasema ukweli. Aliiweka mbele si kwa kusahau. Aliiweka mbele ili mgeni asisumbuke kuitafuta. Katika mji mzima wa Mbale, siku ile, ni yeye peke yake ambaye hakuona kwamba alikuwa ametutia kitanzi.

Kapteni akaigeuza chupa mkononi. "Umenibebea chupa tu, ama umenibebea duka lote?"

Mama Sajini akafikiri. "Chupa moja kwenye treni itavunjika, afande. Ilitaka wenzake."

Kapteni akafungua kifuniko, akachukua tango, akalitafuna. Moja. Alitembea mpaka rafu ya uyoga, akaingiza mkono nyuma ya safu ya mbele, ukazama mpaka kiwiko. Akautoa, akaupangusa vumbi. Akachukua tango la pili. Nilihesabu kila tango lililoingia kinywani mwake, maana sikuwa na kazi nyingine. Kwenye la tano akanigeukia mimi.

"Weye ndiye mwenye kichwa hapa. Maduka ni mangapi?"

Kwa Nakivubo, mtu akikuuliza swali ambalo jibu lake analo, hataki jibu. Anakukaribisha kwenye bei.

"Karatasi inasema matatu, afande."

"Sikuuliza karatasi."

"Mawili, basi."

"Mama."

"Moja na nusu? Hili la Mbale lina rangi nzuri."

Kona ya mdomo wake ilisogea kidogo. Akala la sita. "Nikisema hakuna hata moja?"

"Ukisema hivyo, afande, utakuwa umesema kweli kwa mawili na kosa kwa moja. La Kampala ni duka. Lina wateja, lina foleni. Huyu analiamkia kabla ya jogoo. Chukua matawi, sisi tubaki na shina."

"Na nikileta mtu mwenye bidii kuliko nyinyi?"

"Utampata. Lakini atakubebea chupa mpaka Mbale?"

Akafunga ile chupa. Akaandika katika daftari mistari miwili, akakata maneno kwa kalamu, akanyoosha mkono. Nikampa funguo za Jinja na Mbale. Wa Kampala niliushika nyuma ya mgongo kwa mkono wangu mwingine, nikiwa nimeubana mpaka ukaacha alama. Akatoka na chupa kwapani. Mlangoni akageuka.

"Nikimaliza, narudisha chupa," akamwambia Mama Sajini.

"Karibu, afande," naye akamjibu, kwa moyo wote.

Alipokwisha kuondoka nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia yule mwanamke. Nilianza na lile la kwanza, nikaona machozi yake yanashuka, nikayameza yaliyobaki. "Moja linatosha, dada," alisema. "Mimi hata sikujua Mbale iko wapi."

Tulidhani imekwisha. Wiki mbili baadaye dereva wa jeshi alishuka mbele ya duka Kampala, ameshika chupa tupu yenye tundu kwenye kifuniko.

"Afande anasema mgeni hajamaliza," akasema, akaiweka juu ya kaunta.

Tukaijaza kutoka chupa ya pili, tukaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Ikarudi tupu. Tukaijaza kutoka ya tatu. Ukishamwambia mtu kwamba chungu chake kitamngoja, huwezi tena kumwambia kitangoja mpaka lini. Nilikokotoa: tisa zilibaki, na kapteni alikula moja kila majuma mawili. Ikifika mwisho, atakumbuka kwamba alituachia duka kwa sababu ya chupa. Na nchi nzima hakukuwa na tango jingine la siki la kununua, si kwa bei ya haki wala kwa magendo. Niliuliza kote.

Chupa ya mwisho ilipofika nusu, Mama Sajini aliacha kusoma makopo. Akawa anakaa mlangoni tu.

Aliyetutoa hapo ni bibi wa mpafu, bila kukusudia. Alikuja kununua maji ya zeituni, akaona tango la siki ambalo Mama Sajini alikuwa analigeuza mkononi, akasema kwa dharau, "Hiyo si tango? Bandugu, tango haikusomea Ulaya."

Tulitazamana.

Kule Namuwongo, kando ya reli, Wakenya wenzangu walilima matango kwenye bonde. Niliyanunua yakiwa bado machanga, urefu wa kidole, na mwenye shamba akaniona mwendawazimu, nikapatana naye bei ya wazimu. Siki hatukuwa nayo. Mama Sajini akachukua pombe ya ndizi iliyochacha, aliyopewa na bibi, akaiacha juani mpaka ikauma pua. Chumvi tuliitoa kwenye pipa la pili la zeituni. Hapo tuligombana kweli, kwa maana maji yale yalibaki madebe mawili tu na foleni ya vikombe ilikuwa nje. Mimi nilitaka tufunge mauzo. Yeye akakataa. Akagawa debe moja kwa wanawake, kikombe kimoja kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza hakutoa nyongeza. Alimwomba kila mmoja radhi kwa hilo. Debe la pili likaenda kwenye matango, pamoja na mbegu za dhania na kitunguu saumu changu kutoka Nakivubo.

Jaribio la kwanza lilioza. La pili liliwaka kinywani kama pilipili. La tatu tulilionja wote watatu, na bibi wa mpafu akafumba jicho moja, kisha akafumbua, akachukua jingine. Tukajaza chupa ya kapteni, tukaziba tundu kwa nta, tukampa dereva.

Juma moja. Mawili. Duka likawa kimya kama nyumba inayosubiri habari ya hospitali. Mama Sajini alikwisha kuanza kufunga vitu vya watoto kwenye sanduku la bati, kidogo kidogo, ili asionekane anafunga. Mimi nilijifanya sioni.

Dereva akaja majira ya saa nne asubuhi. Alikuwa ameshika chupa ile, tupu, na nyingine mbili ambazo hatukuwahi kuziona.

"Afande anasema hizi mpya zina nguvu," akasema. "Anauliza mmezipata wapi."

"Mwambie," nikaanza, nikitafuta nchi ya mbali ya kutosha.

"Namuwongo," Mama Sajini akajibu. "Mwambie ni za hapa. Sisi ndiyo tunatengeneza."

Dereva akacheka. "Atafurahi. Basi anataka chupa tatu. Na mke wake anataka mbili, lakini za kununua. Anasema ya mgeni ni ya mgeni, yeye si mgeni."

Mke wa kapteni akamwambia mke wa meja. Walimu wa Kyambogo wakaja na chupa zao. Hata wale matajiri wapya tuliowaita mafutamingi walituma magari. Mama Sajini aliandika karatasi za chupa kwa mkono wake, herufi kubwa zilizoinama kama watu wanaopanda mlima: MATANGO. Alizibandika kwa uji wa muhogo, na kila moja aliisoma kwa sauti kabla ya kuibandika, kana kwamba inaweza kuwa imebadilika.

Tuliondoka Kampala shirika la reli la nchi zetu tatu lilipovunjika na Wakenya wakaambiwa warudi kwao. Siku ya mwisho nilipita dukani na mizigo yangu ikiwa tayari behewani. Nilitaka kumhesabia mali mara ya mwisho, nikaanza rafu ya kwanza. Nikapeleka mkono nyuma ya safu ya mbele, kwa mazoea tu. Haukuingia. Kulikuwa na chupa, na nyuma ya chupa chupa, hadi ukutani.

"Sukuma," akaniambia kutoka kwenye kaunta, akiniangalia na kicheko kimejaa mashavuni.

Nikasukuma. Haukuingia.

Nyuma ya mlango, aproni ya Mgoa ilikuwa kwenye msumari wake, imekung'utwa. Chini yake, juu ya kreti, kwenye kitambaa safi, ilikaa ile chupa yenye tundu kwenye kifuniko, imejaa, ikimngoja dereva.